Mtani Aliyeondoka na Ukungu

Mimi ni mchapishaji wa vitabu. Nikisema hivyo mbele ya watu wasionijua, macho yao yanashuka mpaka miguuni kutazama viatu vyangu, maana kwa wengi mchapishaji ni mtu mwenye ghorofa Dar es Salaam na lori lenye jina la kampuni ubavuni. Mimi nina chumba kimoja Mwembesongo, hapa Morogoro, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na lori langu ni bodaboda ya jirani. Zamani palikuwa pa fundi cherehani, na mpaka leo nikifagia pembeni naokota vifungo. Mlangoni nimeandika "Wachapishaji" kwa wingi, kwa ajili ya heshima. Ukiingia unanikuta peke yangu nakunywa chai.

Vitabu vyangu ni vyembamba, vya watoto, vyenye picha. Vinapigwa chapa mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yao imetengeneza kadi za harusi za mji huu tangu mama yangu hajaolewa. Kila nikimpelekea kazi ananiuliza, "Dada, lini utaacha haya mambo ufungue duka la unga?" Namjibu nitafungua siku yeye atakapoacha kupiga chapa aanze kuuza sambusa. Tunacheka, halafu anachapa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Sisemi wachapishaji wakubwa hawafai. Nimejifunza kusoma kwa vitabu vyao, na nawashukuru. Lakini vifungue uone: mtoto wa mle ndani anaishi mahali pasipo mahali. Nyumba moja, mti mmoja, jua linacheka. Kitabu hichohicho ukikipeleka Bukoba sawa, ukikipeleka Mtwara sawa, na ndiyo faida yake, kinauzika kotekote. Cha kwangu kina mafyulisi yaliyoiva ya Mgeta, kina tope jekundu la njia ya Choma, kina mama anayebishana na mnunuzi pale sokoni mpaka kofia ya mnunuzi inadondoka. Ukikipeleka Bukoba watauliza fyulisi ni kitu gani. Basi na waulize, wana midomo.

Kwenye gemu za simu ni hivyohivyo, tena zaidi. Watoto wa mtaani kwetu wanaendesha magari ya kifahari kwenye miji wasiyoijua, wanawapiga risasi watu waliovaa makoti ya baridi. Mimi nilikuwa nazitazama zile gemu nikidhani zinaota zenyewe huko ng'ambo. Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu.

Kwetu Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mtoto wa dada ni mtoto wako mwenyewe. Kwa hiyo nikisema mwanangu, ujue ni yeye. Alisomea mambo ya kompyuta chuoni, akatafuta kazi Dar, akachoka kutafuta, akarudi. Akaniambia, "Mama mdogo, naomba kona ile ya dirishani kwa muda." Nikampa. Muda wenyewe ndio huo, haujaisha mpaka leo. Ni msichana mpole kupita kiasi, hakunifuata mimi hata kidogo. Mimi nikiudhika mtaa mzima unajua. Yeye akiudhika anaosha vyombo.

Siku moja nilichungulia kwenye kompyuta yake nikaona njia yetu ya mlimani. Njia ileile, na mawe yake! Juu yake binti mwenye tenga kichwani, anashuka. Nikamuuliza, "Hii imetoka nchi gani?" Akasema, "Imetoka hapa, mama mdogo. Natengeneza mimi." Nilikaa chini kwenye mzigo wa karatasi. Kumbe gemu inaweza kutengenezwa na mtu mmoja, Mwembesongo, huku nje wanajaribu honi za pikipiki.

Na hadithi ya gemu yenyewe niliijua. Alipokuwa mdogo alishinda sana kwa bibi yake, yaani mama yangu, kule juu. Siku za soko walishuka pamoja asubuhi kuleta mboga mjini. Aliyewahi kushuka ile njia wakati wa mvua anaujua ule ukungu: unasikia hatua za watu kabla hujawaona. Sasa mtoto aliyelelewa hasubiri kuona sura. Akisikia hatua tu anatupa "Shikamoo!" humohumo kwenye weupe, maana anayekuja huenda ni mtu mzima, na mtu mzima ukimpita bila salamu habari itakutangulia nyumbani. Ndani ya weupe sauti inajibu, "Marahaba." Mwanangu, kwa akili zake za kitoto, aliamini ni ukungu wenyewe unaojibu. Aliamini mlima una bibi mkubwa mweupe anayetaka kuamkiwa.

Alipokua akaichora hadithi ile, nami nikaitoa kama kitabu cha picha. Kilitembea, alhamdulillah. Sasa akawa anaigeuza gemu. Unaishika simu, unaiinamisha huku na huku ili tenga lisidondoke. Ghafla kioo kinakuwa cheupe chote, unasikia hatua, kwa-kwa-kwa. Hapo inabidi uamkie kabla hazijakufikia. Ukiamkia, ukungu unasema marahaba na njia inafunguka. Ukijifanya mjeuri unanyang'anywa mboga, kwanza nyanya, halafu kabichi, halafu lile boga ulilolibeba kwa shida tangu juu. Na ukungu hausahau. Ukirudi kesho unakuuliza jana ulikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Watoto wa mtaani walikuwa wanakuja kuijaribu kwenye benchi langu, na wengi walisahau kubonyeza, wakaamkia kwa mdomo. Mzazi mmoja alinifuata kuniuliza nimempa mwanawe dawa gani, maana siku hizi anaamkia mpaka mlango. Ilikuwa imebaki kazi ya kusafisha tu, alisema mwanangu, sauti fulani na rangi fulani. Kazi yote hiyo, kuchora, kurekodi, kuandika yale maandishi ya kompyuta ambayo ukiyatazama unaumwa kichwa, aliifanya peke yake. Alitaka kitu kimoja tu, gemu itoke na watu wajue kwamba ameitengeneza yeye.

Ndipo akaja yule mtu wa Dar.

Alitokea kwenye treni ya umeme, amenyoosha shati, ananukia vizuri mpaka harufu ya grisi ya dukani ikakimbia. Ni afisa wa kampuni kubwa ya vitabu, na kampuni yenyewe imeanza na gemu za simu pia. Kazi yake ni kuzunguka mikoani kutafuta hadithi mpya. Amekiona kitabu cha ukungu mahali, amekipenda. Nikamkaribisha, nikamwuliza kama tunavyoulizana, kwao wapi. Akasema amezaliwa Dar lakini bibi yake mzaa mama ni wa huku kwetu, upande wa Matombo. Ukoo gani? Akautaja.

Nilipiga makofi mpaka kikombe kikamwagika. Mtani!

Kwa asiyejua, koo zetu zina watani wao. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anabeba sufuria la pilau kwenye harusi yako anasema ni la kwake, anavaa viatu vyako anaondoka navyo. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukitaka kitu chako unakikomboa, unampa anachotaka, mnacheka, mnakula. Ukinuna umeshindwa, na utachekwa mpaka uzeeni. Lakini na wewe una haki hiyohiyo kwake, siku yoyote, mahali popote.

Basi tukaanza palepale. "Ndiyo maana umefika saa ya chakula," nikamwambia. "Ukoo wenu mlishuka mlimani mnakimbia jembe."

"Na nyinyi mlibaki," akasema, "kwa sababu hamkuijua njia ya kushuka."

Weee! Nilimpenda saa hiyohiyo. Nikamwambia mwanangu ampe acheze gemu. Akacheza. Ukungu ukaja, hakuamkia, akanyang'anywa mboga zote mpaka tenga. Nilicheka nikashika mbavu. Mwanangu naye alitabasamu pale kwenye kona. Mtani akakichukua kitabu mezani, akakitia mkobani, akasema, "Huu ukungu nimeuchukua. Kuanzia leo ni wa kwangu."

"Chukua," nikasema, "na mlima ubebe!"

Akamgeukia mwanangu, akaomba amtumie na gemu kwenye simu yake, akawaoneshe wanawe. Mwanangu akanitazama. "Mpe tu," nikasema, "mtani huyo." Akamtumia. Mtani akaondoka anacheka, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani namtukana ukoo wake wote, kiroho safi kabisa.

Ikapita miezi. Mwanangu akaendelea na rangi zake na sauti zake. Siku moja narudi kutoka Msamvu, naona bango jipya, kubwa, limepanda juu kuliko paa la nyumba. Msichana, njia ya mlimani, na ukungu wenye macho. Chini yake maandishi: gemu mpya, hadithi kutoka milima ya Uluguru, inakuja hivi karibuni. Nilimshika bega dereva wa bodaboda nikamwambia asimame. Nikalisoma tena. Msichana amevaa mkoba wa shule mgongoni badala ya tenga. Ukungu una meno. Na mlima, jamani, mlima una theluji juu! Uluguru na theluji wapi na wapi? Nani amewahi kuokota barafu kileleni Bondwa?

Nilimpigia mtani palepale, lori zinapita.

"Mtani," akasema, amechangamka kama siku ile, "si nilikuambia nimeuchukua? Ukanijibu nibebe na mlima. Ofisini wakaniuliza mwenyewe amekubali? Nikawaambia amekubali mbele yangu, tena anacheka."

Nilikata simu bila kumtukana. Mimi! Waliokuwepo pale wanaweza kushuhudia. Na kibaya zaidi, nilimwelewa. Sidhani alipanga wizi. Alikuwa mtani wa nusu, mtoto wa mjini aliyerithi mzaha akasahau masharti. Alijua mtani anachukua, hakujua kinachochukuliwa kinangoja kukombolewa. Na mimi niliyeyajua yote nilicheka, kwa sababu mtani akikutania unacheka, ndivyo tulivyolelewa.

Nilimweleza mwanangu. Hakulia. Aliifunika kompyuta, akasema taratibu, "Wakiitoa yao kwanza, yangu itaonekana ya kuiga. Wao wana mabango, mimi nani ataniamini?" Akaenda nyuma kuosha vyombo. Siku zilizofuata akaanza kuwatengenezea watu simu zilizopasuka vioo, kompyuta imefunikwa kitambaa. Iliniuma, nisiseme uongo. Iliniuma kuliko kitabu chochote kilichonidodea.

Nikapanda mlimani kwa dada yangu, mama yake. Nilimkuta shambani anachuma stroberi, nikammwagia yote kwa hasira, natupa mikono huku na kule. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akachagua stroberi moja nyekundu, akala. "Amechukua?" akasema. "Vizuri. Mbona unanuna? Na sisi twende tukachukue."

Uzinduzi ulikuwa hapahapa Morogoro, kwenye ukumbi mmoja mjini, maana kampuni ilitaka ionekane imeileta hadithi nyumbani. Soda za bure, kofia za bure, walimu, wazazi, watoto wamejaa. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kutoka Dar, mama mmoja mwenye miwani myembamba, mtulivu. Jukwaani kioo kikubwa, na mtani wangu na koti lake jipya anaeleza. Mwanangu alikubali kuja kwa shingo upande, akakaa safu ya mwisho kabisa karibu na mlango.

Wakaionesha gemu yao. Yule msichana wa mkoba anapanda, ukungu unatokea na meno yake, msichana anatoa rungu anaupiga. Pah! Pah! Ukungu unapasuka, zinadondoka nyota.

Dada alishindwa kuvumilia. "Anampiga mtu mzima na rungu?" akasema kwa sauti, na nusu ya ukumbi wakageuka. Halafu akapiga kigelegele kimoja kirefu, akafunga kanga yake kiunoni, akapanda jukwaani. Mimi nyuma yake.

"Mtani!" dada akamwambia. "Koti zuri! La kwangu." Akamvua, akalivaa. Mtani alicheka, alijua mchezo umeanza. "Na viatu!" Akavua viatu, anacheka bado. Dada akakalia kiti chake. Kisha akaiendea kompyuta ya kampuni, akachomoa waya, akaiviringisha kwenye kanga ya pili, akaitwika kichwani kama mzigo wa kuni. Kioo kikubwa kikazimika. Mimi nikachukua maiki, kwa sababu maiki naipenda.

Ukumbi ulilipuka. Watu wa Moro hawahitaji kuelezwa. "Komboa! Komboa!" wakaimba, na watoto nao wakaitikia bila kujua wanachoitikia. Mkurugenzi alisimama, akamwita mlinzi aje kutushusha. Mlinzi alikuwa kijana wa hapa. Niliyasikia majibu yake kwa masikio yangu: "Mama, hawa ni watani. Mimi hapo siingii, nitachekwa."

Mtani akatoa pochi. Dada akaisukuma kando. Mtani akaahidi soda, akaahidi pilau. "Sitaki chako cha kula," dada akasema. "Nijibu tu, nikupe mali zako. Ukungu umeutoa wapi?"

Hapo mtani akaacha kucheka. Alitutazama sisi, akamtazama mkurugenzi wake, akatazama soksi zake. Nikampelekea maiki mdomoni. Naye, Mungu ambariki, kumbe damu ya bibi yake haikuwa imepotea yote. "Mwembesongo," akasema.

"Kwa nani?"

Akaninyooshea kidole. "Kwa huyu."

Makofi! Nilinyanyua mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao. Nikawainamia wa kulia, nikawainamia wa kushoto.

"Siyo wake."

Sauti ilitoka nyuma. Sikuitambua, nikadhani ni mwalimu mmojawapo. Ni mwanangu, amesimama, anakuja katikati ya viti. Alipanda jukwaani akachukua maiki mkononi mwangu, kwa adabu lakini akaichukua.

"Ukungu ni wa kwangu," akasema. "Niliuona mimi, nikiwa na bibi. Kitabu nimechora mimi, na juu ya jalada kuna jina la duka la mama mdogo, langu halipo hata nyuma. Gemu nimeitengeneza mimi. Wewe mtani uliichukua, na wewe mama mdogo ulimwambia achukue. Mlicheka sana. Mimi hamkuniuliza."

Mimi nilikuwa bado nimenyanyua mkono mmoja, nikaushusha polepole. Niliona aibu na niliona fahari, vyote viwili kwa pamoja. Nilitaka kusema kwamba jalada letu ni dogo, nafasi haitoshi, karatasi bei juu, lakini hata mimi niliona hayo si ya kusemea pale.

Dada, koti la mtani limemfunika mpaka magotini, ndiye aliyeokoa jahazi. "Haya," akamwambia mtani, "mwenye mali huyu hapa. Komboa kwake. Mwanangu, unataka akupe nini?"

Mwanangu akafikiri. "Waweke ya kwangu hapo kwenye kioo," akasema. "Watu waione."

Wakaiweka. Mtani mwenyewe ndiye aliyeunga waya, na soksi zake. Mwanangu akamkabidhi mtani simu acheze. Njia ikatokea, mawe yetu, tenga, na juu mlima wetu usio na theluji. Watu wakaanza kutajiana mahali, pale ni kwa fulani, ile ni kona ya mtoni. Kioo kikawa cheupe. Kwa-kwa-kwa. Ukumbi mzima, walimu, wazazi, wale wanywaji wa soda za bure, walipaza sauti wakaamkia. Ukungu ukajibu kwa sauti mpya, ya marehemu mama yangu, ambayo mwanangu aliirekodi zamani na hakuniambia. Nilitafuta pa kukaa, nikakuta kiti dada amekikalia.

Baadaye mkurugenzi alitufuata nje, tukiwa tumesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alimpa mwanangu pole, kwa heshima, bila maneno mengi. Akasema yao haitatoka. Kisha akasema angependa kuinunua ile ya mwanangu, yote, na kumpa na kazi Dar, awe na timu, asichore tena nyanya moja moja peke yake.

"Hatuuzi!" nikasema.

Mwanangu akanigeukia. "Mama mdogo," akasema, "hatuuzi ni nani na nani?"

Dada alikohoa ndani ya koti. Mwanangu akamwambia yule mama kwamba amesikia, anashukuru, atafikiri mwenyewe na atampigia mwenyewe. Na kweli alifikiri. Siku zile nilikuwa nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga, nanyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka, nataka kuuliza, siulizi. Nilijua wakubwa wana kila kitu ambacho mimi sina. Nilijua ningekuwa mtu mwingine ningemwambia nenda. Lakini ile kona ya dirishani ningeitazamaje?

Alikataa. Hakukataa kwa ajili yangu, alinieleza wazi ili nisijidanganye. Walitaka wabaki na rungu, alisema, angalau dogo, la hiari, kwa soko la nje. Akawaambia bibi hapigwi hata kwa hiari. Bango la Msamvu likashushwa, na mwezi uliofuata gemu ya mwanangu ikatoka, ameitoa mwenyewe, kwa jina lake, kutoka Mwembesongo. Haikuvunja rekodi yoyote. Ilienda kwanza kwa watu wa Moro, halafu kwa watu wa Moro waliohama, wanaomwandikia kutoka miji ya mbali kumwambia wameamkia simu ndani ya basi na abiria wamewashangaa. Mtani naye anaicheza. Ananitumia ujumbe kulalamika kwamba ukungu bado unamwuliza viatu vyake viko wapi, na kweli, mwanangu ameongeza hilo kwa simu ya mtani tu.

Vyombo viliisha kuoshwa. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai yangu, mwanangu akaja akaweka karatasi mbele yangu, zimebanwa pini. Anataka kitabu cha ukungu kitoke upya, akasema, na amefikiria wachapishaji mbalimbali, wakubwa na wadogo, akaamua kuanza na mimi. Haya ndiyo masharti yake.

"Masharti?" nikasema. "Mimi? Mtoto niliyekubeba mgongoni?" Na nikaanza kucheka, maana ningefanya nini kingine.

Yeye hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, kama wanavyokaa watu wa kampuni, mikono mezani.

"Soma kwanza, mama mdogo," akasema. "Ukimaliza ndiyo ucheke."

Nikaweka kikombe chini. Nikavaa miwani, nikasoma.